Subaru Inapochemsha: Joto la Injini ya Turbo na Tiba Zinazoliongeza

Gari likichemsha, jambo la kwanza linalofanyika katika gereji nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa ni kutoa themostati. Fundi analegeza bolti mbili, anachomoa kile kidude cha chuma chenye springi na nta ndani yake, anakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, anafunga, anajaza maji ya bomba, na mshale wa joto unashuka. Mwenye gari analipa na kushukuru. Kwenye gari dogo la kwendea sokoni anaweza kukaa hivyo miaka. Kwenye gari la michezo lenye turbo, hasa Subaru Impreza WRX na STI ambazo vijana wetu wamezipenda tangu enzi za Safari Rally, tiba hiyo mara nyingi ndiyo mwanzo wa safari ya kwenda kufumua injini nzima.

Mafundi wetu wana mikono mizuri. Wengi wao wanaweza kuishusha injini ya Subaru na kuirudisha kwa vifaa ambavyo fundi wa Japani asingekubali kuanza navyo kazi. Shida iko kwenye swali. Tumezoea kuuliza mshale utashukaje. Swali lenye faida ni hili: joto limekwama wapi kati ya chumba cha moto na hewa ya nje? Ukiuliza la kwanza utapata njia kumi za kumdanganya mwenye gari na wewe mwenyewe. Ukiuliza la pili, gari litakujibu, kwa sababu kila mahali joto linapokwama pana dalili zake.

Tuanze na ukubwa wa mzigo. Injini ya petroli hugawa nishati ya mafuta katika mafungu ambayo, kwa makadirio ya kawaida, hayapishani sana: karibu theluthi inasukuma gari, karibu theluthi inatoka na moshi, na iliyobaki inaingia kwenye maji, oili na vyuma vyenyewe. STI ya Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280, yaani kilowati 206, kutoka kwenye injini ya EJ20 yenye sentimita za ujazo 1,994 tu. Hata tukikadiria chini kabisa kwamba maji yanapokea kilowati 100 dereva anapokanyaga mpaka mwisho, hizo ni birika hamsini za umeme zinazochemka kwa pamoja, na maji ya kulipokea joto hilo ni lita saba na kitu. Gari la kawaida linafika kwenye mzigo wa namna hii kwa nadra. Gari la michezo limeundwa ili lifike huko mara kwa mara, na mnunuzi amelinunua kwa sababu hiyo hiyo.

Turbo inaongeza mambo mawili. La kwanza, inakaa kwenye moshi unaoweza kufika nyuzi joto 900 na zaidi, na mhimili wake unazunguka ndani ya oili iliyo sentimita chache tu kutoka kwenye moto huo. La pili, hewa inayobanwa hupata joto kabla hata ya kuingia kwenye silinda, kwa hiyo lazima ipozwe. Impreza imeweka kipoza hewa chake juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti linalotambulisha gari hilo kwa mbali. Mahali hapo panafaa sana gari linapokimbia, kwani upepo unaingia moja kwa moja na njia ya hewa ni fupi. Kwenye foleni ya Mwenge au Thika Road, kipoza hewa hicho hicho kinakaa juu ya jiko. Wahandisi wa Subaru walilijua hilo: STI nyingi zina tangi la maji kwenye buti na kitufe cha kurushia maji juu ya kipoza hewa. Wengi walionunua magari haya ya mtumba hawajui kitufe hicho ni cha nini, na tangi lake limekauka tangu gari liliposhushwa melini.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo halijadiliwi vya kutosha, nalo ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Injini isiyo na turbo ikipanda huko hupungukiwa nguvu, na joto lake hupungua pia. Injini ya turbo haipungukiwi sana. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufidia, nguvu inabaki karibu ile ile, na joto linabaki karibu lile lile. Rejeta ndiyo inayopungukiwa, kwa sababu hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Kwa hiyo Impreza inayopanda kuelekea Limuru kwa fujo, kama zinavyofanya zile za mashindano ya Kiamburing, inazalisha joto la pwani na kulipoza kwa hewa ya mlimani.

Hapo ndipo kifuniko cha rejeta kinapoonyesha thamani yake. Maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Tanga, karibu nyuzi 94 ukiwa Nairobi, na pungufu zaidi ukiwa Limuru. Kifuniko kina springi inayozuia maji yasitoke mpaka shinikizo lifike kiwango kilichoandikwa juu yake. Vya magari ya Japani mara nyingi utaona 0.9 au 1.1. Kifuniko kizima cha 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka Nairobi hadi karibu nyuzi 115. Mpira wake ukipasuka, unabaki na zile 94. Feni za Subaru zinaanza kuzunguka kwenye nyuzi 95 hivi. Maana yake ni kwamba gari lenye kifuniko kibovu linaweza kuchemka Nairobi kabla feni hazijaamka, ilhali rejeta ni nzima, pampu ni nzima na gasketi ni nzima. Kifuniko ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika mfumo mzima, na ndicho kinachokaguliwa mwisho. Impreza za turbo zina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu karibu na turbo, na havifanani kazi. Anayeosha injini akavibadilisha nafasi amemwachia mwenye gari ugonjwa ambao fundi anayefuata atauhangaikia wiki nzima.

Sasa turudi kwenye swali la joto kukwama wapi. Kabla ya kufungua bolti hata moja, mwulize dereva: linachemsha ukiwa umesimama, au ukiwa unakimbia?

Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabara ikifunguka, tatizo karibu kila mara ni upepo. Gari likizidi kilomita 50 au 60 kwa saa, hewa inayoingia kwenye grili inatosha. Chini ya hapo feni ndizo kila kitu. Washa AC: feni zinatakiwa kuzunguka. Isipozunguka mojawapo, tafuta fyuzi, relei, waya, na mota yenyewe. Halafu angalia ile sahani ya plastiki inayozunguka feni, maana ikiwa imevunjika, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Chini ya bampa kuna ngao ya plastiki ambayo wengi huiona ya urembo, na ikigonga tuta mara mbili inang'olewa na kutupwa. Ngao hiyo inaielekeza hewa ipite kwenye rejeta isikimbilie chini ya gari. Pia kuna kondensa ya AC mbele ya rejeta, na katikati yao panajaa vumbi, mbegu za nyasi na wadudu mpaka panafanana na kitambaa. Kupaosha ni kazi ya asubuhi moja, kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Ukipiga presha ya kuoshea malori unalaza mapezi ya alumini na kuimaliza rejeta uliyotaka kuiokoa.

Likichemsha kwenye barabara kuu au mlimani, huku kwenye foleni likiwa tulivu, acha feni. Mlima wa Kitonga pale Iringa ni kipimo kizuri kuliko mashine nyingi za gereji, kwa sababu injini inabeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu kwa mwendo wa wastani. Gari linalofeli hapo lina upungufu wa mtiririko au wa uso wa kupozea: rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyoliwa mapanga yake, mpira wa chini unaojibana wenyewe ukivutwa na pampu, au themostati isiyofunguka yote. Ukipapasa rejeta baada ya injini kuzimwa na kupoa kiasi, sehemu iliyoziba utaikuta baridi katikati ya sehemu za moto.

Aina ya tatu inatisha zaidi. Gari halichemshi foleni wala mlimani. Linakaa sawa siku mbili, kisha mshale unaruka ghafla, unarudi, unaruka tena. Maji yanapungua bila tone kuonekana chini. Asubuhi, kabla hujawasha, mpira wa juu wa rejeta uko mgumu kama ulivyouacha jana. Hiyo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji kupitia gasketi ya hedi. Injini za EJ25 zisizo na turbo zilipata sifa mbaya kwa ajili ya gasketi, na EJ20 za turbo nazo hufika huko zikiendeshwa kwa mzigo mkubwa kwenye joto lisilodhibitiwa. Kuna kipimo kisichohitaji kufungua injini: bomba la kioo lenye maji ya dawa ya buluu linalowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma. Fundi anavuta hewa ya juu ya maji kwa kipira cha mkono, viputo vinapita kwenye ile dawa, na kama kuna gesi ya moto ndani, buluu inageuka kijani kisha njano mbele ya macho yenu wote wawili. Naona kila gereji inayojiita ya Subaru ingepaswa kuwa nacho. Kingemaliza mabishano mengi kati ya fundi na mteja.

Hapa ndipo madhara ya kutoa themostati yanapoonekana. Wako wanaoipinga tabia hiyo kwa hoja kwamba maji yanapita haraka mno hata hayapati muda wa kupoa. Hoja hiyo haisimami, kwani maji yanayokwenda kasi hubeba joto zaidi. Sababu za kweli ni nyingine. Katika injini nyingi themostati ina sahani ya pili inayoziba njia ya mchepuko injini ikishapata moto. Ukiiondoa, mchepuko unabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwenye safari ya kawaida hutambui. Kwenye Kitonga unatambua. Pili, injini isiyofika joto lake la kazi inaiambia kompyuta kwamba bado ni asubuhi, kompyuta inaongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni zinakula ringi zake. Tatu, na hili ndilo kubwa, gasketi inayoanza kuvuja hufichwa na ubaridi huo kwa wiki au miezi, mpaka inapokuja kujitokeza hedi imeshapinda.

Anayeishuku themostati ana njia ya kuipima nyumbani. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na uweke kipimajoto pembeni. Ya Subaru za EJ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 na kuwa wazi kabisa karibu nyuzi 91. Isipofanya hivyo, nunua nyingine halisi. Irudishwe na kile kipini kidogo kinachocheza kikiwa upande wa juu, maana ndicho kinachotoa hewa.

Maji nayo yanastahili kusemwa kwa urefu, kwa kuwa hapa tunakosea tukiwa na nia njema. Watengenezaji wa Japani kwa desturi hutia fosfeti kwenye kulanti zao ili kulinda alumini na pampu. Wale wa Ulaya kwa muda mrefu wameepuka fosfeti, kwa sababu maji ya huko yana chokaa nyingi, na fosfeti ikikutana na chokaa hugeuka utando mgumu. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani na vya miji ya bara yana chumvi na chokaa tele. Mtu ananunua kulanti nzito ya Kijapani, anaichanganya nusu kwa nusu na maji ya kisima, na anajenga mawe ndani ya rejeta mpya. Tumia iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, au chukua maji yaliyotoneshwa, yale yale ya betri yasiyo na asidi. Rangi isikudanganye, hakuna sheria inayosema kijani ni aina fulani na nyekundu ni nyingine, kila kampuni inapaka rangi yake. Soma maandishi ya kopo.

Kujaza ni ufundi pia. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kushoto na mbili kulia, na hewa inapenda kubaki kwenye hedi. Pua ya gari iinuliwe, kizibo cha hewa kilicho juu ya rejeta kifunguliwe, hita iwekwe kwenye joto la mwisho, na kulanti imiminwe polepole mpaka viputo vikome. Fundi anayemimina lita nne kwa dakika moja na kuwasha ameacha mfuko wa hewa ndani. Mfuko huo ukifika kwenye sensa, geji inasoma chini wakati chuma kinaungua, kwa kuwa sensa imeundwa kusoma maji, na hapo inasoma mvuke.

Hata sensa ikiwa ndani ya maji, geji ya dashibodi si ya kutegemea. Katika magari mengi ya kisasa mshale umepangwa ukae katikati kwa upana mkubwa wa joto ili dereva asihangaike. Unapoanza kupanda, muda wa kuokoa umebaki mdogo. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachomshauri mtu anayetaka kuendesha Impreza kwa nguvu ni kupata tarakimu: kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, au geji za ziada za maji na oili. Maji kati ya 85 na 98 ni hali njema. Yakifika 105, toa mguu. Yakifika 110, tafuta pa kusimama. Oili ikikaribia 130 imeanza kuwa nyembamba mno kwa beringi za injini hii, na beringi za EJ hazisamehi.

Watu wengi wanaruka hatua hizo zote na kununua rejeta kubwa ya alumini, au kipoza hewa kikubwa cha kufunga mbele. Hiki cha pili kinahitaji tahadhari. Kinaipoza hewa ya turbo vizuri kwenye mbio, lakini kinakaa mbele ya kondensa na rejeta, na kila upepo unaofika kwenye maji umeshapata joto lake. Anayeishi Dar es Salaam na kushinda kwenye foleni siku tano kwa wiki amebadilishana tatizo moja kwa jingine. Kuongeza shinikizo la turbo juu ya petroli yetu, katika injini iliyopimwa Japani kwa petroli iliyo karibu na oktani 100, ni hatari zaidi. Hewa ya moto na oktani ndogo huleta mlipuko wa kabla ya wakati ndani ya silinda, na mlipuko huo huzalisha joto jingine na kuvunja pistoni kwenye kingo za ringi.

Hata viwanda vikubwa vinashindwa kwenye hesabu hii. Chevrolet ilipotoa Corvette Z06 ya mwaka 2015, yenye nguvu farasi 650 na kompresa juu ya injini, wamiliki waliopeleka magari yao kwenye viwanja vya mbio walikuta kompyuta inapunguza nguvu baada ya mizunguko michache ili kuiokoa injini. Kesi zilifunguliwa Marekani, na toleo la 2017 lilikuja na matundu makubwa zaidi ya kutolea hewa kwenye boneti. Njia ya hewa ya kutoka ina uzito sawa na ya kuingia. Anayefunga rejeta ya bei kubwa bila kufikiria hewa ya moto itatokea wapi amenunua nusu ya dawa.

Impreza yenyewe si dhaifu. Impreza za mashindano zilishinda Safari Rally ya 1997 zikiwa na dereva Colin McRae na ya 2000 zikiwa na Richard Burns, katika mashindano ambayo yalikuwa yanaua magari kwa vumbi, mawe na joto. Zile zilikuwa na timu ya kuzikagua kila zinaposimama. Yako ina wewe.

Gari likikushinda njiani, egesha pembeni mapema. Kama mshale umepanda lakini mvuke hautoki, zima AC, fungua hita mpaka mwisho na uiache injini iungurume taratibu huku feni zikifanya kazi. Kama mvuke unatoka au maji yamemwagika, zima mara moja. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa. Maji ya baridi yasimiminwe juu ya injini wala ndani yake ikiwa bado ya moto, kwani alumini hupasuka. Turbo yenyewe haihitaji maombi: ile Impreza ina tangi dogo juu yake makusudi ili maji yaendelee kuzunguka kwa joto lake yenyewe baada ya kuzima. Inatosha kuendesha polepole kilomita mbili tatu za mwisho.

Na kama gasketi imekwisha kukatika, usikubali dawa ya kuziba ya kwenye chupa. Inaziba kweli, ila inaanza na vijia vyembamba vya hita na mabomba ya maji ya turbo. Injini ishushwe, maana nafasi ya pembeni ni finyu na kazi ya kubahatisha kwenye hedi zinazolala ubavu hurudi ndani ya miezi. Hedi zipimwe kwa rula ya chuma na vibao vya kupimia, kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita, na zisagwe na mtu mwenye mashine inayoaminika. Gasketi ziwe za chuma za tabaka nyingi. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa kiwanda. Upande mmoja ukifunguliwa, wa pili ufunguliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu umepikwa kwenye sufuria moja na mwenzake.